Saba Iliyofanana na Moja

Mimi ni katibu wa kanisa letu hapa Lukuledi,
mwaka wa kumi na moja sasa. Daftari la mavuno liko kwangu,
jalada limeshonwa kwa uzi wa gunia.
Nimeandika mbuzi, kuku, mbaazi madebe mawili,
nimeandika bati za paa na deni la misumari.
Sijawahi kuandika uongo. Mwandiko tu ndio mbaya.

Novemba, Jumapili ya matangazo marefu,
Mzee Oswadi Malibiche alisimama na miwani yake ya kamba
akasoma daftari langu kwa sauti ya mnada:
Editha Nambunga, korosho, ahadi arobaini na saba,
zilizofika, arobaini na moja.
Angesoma tu akapita.
Akaongeza: "Mungu naye ana mizani."

Kilo sita.
Zilitoka mlangoni kabla ya baraka,
zikafika kisimani zimekuwa kumi,
zikafika gulioni zimekwishauzwa kangomba, usiku,
kwa kijana wa pikipiki ambaye hata jina hakuwa nalo.

Editha hakujibu. Alikunja kitenge cha Umoja wa Mama,
akakirudisha kwa mwenyekiti kikiwa kimepigwa pasi.
Tangu siku hiyo akasali nje, chini ya dirisha la tatu,
juu ya tofali lililobaki tulipojenga choo cha padre.
Tulipeana amani humu ndani, mkono kwa mkono,
na hakuna mkono uliopita dirishani.

Tulifanya vikao. Mihtasari ninayo.
Cha kwanza: akidi haikutimia.
Cha pili: tulibishana kama mlalamikaji ni yeye au ni kanisa.
Cha tatu: barua, yenye muhuri, aje ajieleze.
Barua ilirudi na mtoto, haijafunguliwa,
pamoja na maandazi mawili. Maandazi tuliyala.

Basi Juni, mkaguzi wa dayosisi anakuja,
nakaa na taa kunakili hesabu kwenye karatasi safi.
Nafika Novemba, najumlisha,
ghala linanizidi kilo sita.
Najumlisha tena kutoka chini. Sita.
Nikalisogeza daftari kwenye taa:
ile moja ilikuwa na kofia.
Kofia ndogo, wino uliokauka njiani,
saba yangu ya haraka, isiyokatwa kiunoni
kama Mwalimu Nachundu alivyotufundisha kwa fimbo.

Mke wangu alisema, fukia. Miezi saba, watu wamesahau.
Nikamuuliza: na lile tofali?

Sikwenda na padre, sikwenda na muhuri.
Nilimkuta katikati ya mikorosho, bomba mgongoni,
salfa imempaka nyusi za njano.
Nikafungua daftari. Akatazama muda mrefu.
"Kumbe ni hii," akasema. "Ndogo hivi."
Akacheka, halafu hakucheka.
"Uje useme pale pale aliposemea Oswadi.
Usiseme ilitokea hitilafu. Taja jina lako."
Ming'oko ilikuwa ikichemka. Hakunikaribisha.

Jumapili nilisimama. Magoti yalikuwa ya mtu mwingine.
Nikasema: mimi, Barnaba Chilumba, niliandika saba kama moja,
nanyi mkaisoma kama mlivyopenda kuisoma.
Hilo la pili halikuwa kwenye karatasi; lilitoka lenyewe.
Mzee Oswadi alivua miwani. Akaifuta. Akaifuta tena.
Kisha akatoka, taratibu, kwa mlango wa pembeni,
tukamwona dirishani akihangaika kuinama
hata akakaa mchangani, kando ya tofali.
Sijui walisema nini. Sikuandika.

Editha hajaingia bado. Kitenge bado kiko kwa mwenyekiti.
Ila matofali sasa ni mawili,
na padre, ikifika zamu ya amani, huanzia dirishani.
Mimi saba zangu nazikata kiunoni,
hata ninapoandika tarehe, hata kwa kijiti, chini, nikiwa sina kazi.